Kwa Nini Sikufika Mau Narok Siku Yako

Baba Nafula wangu,

Najua habari zimekufikia. Hema zilisimamishwa, pasta akaja na kwaya yake, ng'ombe akachinjwa, kaburi lako likafunguliwa rasmi likiwa na vigae vipya, na watu wote wa Mau Narok wakageuza shingo kumtafuta mkeo. Mkeo hakuwepo. Nilikuwa huku chini Nakuru, kwenye benchi la kliniki ya macho, nimeinamisha kichwa nikiangalia viatu vya watu. Sikuandikii ili kukuomba msamaha. Nakuandikia kwa sababu wewe ulikuwa mtu pekee katika ukoo wenu aliyeuliza sababu kabla ya kukasirika, na sababu ninayo, tena ni nzuri.

Tuanze na macho. Lile la kushoto unalijua, ulikuwepo. Uliniona nikianza kumimina chai nje ya kikombe, ukasema ni mtoto wa jicho. Mama wa duka la dawa naye akasema mtoto wa jicho hungojewa akomae, basi tukangoja kwa adabu zetu zote. Siku tuliyofika kwa daktari tukaambiwa hapakuwa na mtoto wa jicho wowote, na kilichokuwa nyuma ya jicho kilikuwa kimeshakufa zamani. Ulinishika mkono kutoka mjini mpaka nyumbani Free Area bila kusema neno, na wewe kunyamaza kulikuwa jambo la kutangazwa kwenye redio. Mlangoni ndipo ukasema, "Hili lililobaki tutalilinda sisi wawili." Halafu ukaenda zako ukaniachia ulinzi peke yangu.

Nimelilinda. Mwaka huu, shule zilipokaribia kufunguliwa, nilikuwa kwenye mashine yangu ya kufuma sweta, oda za watoto zimejaa mpaka kitandani, nikaona nzi. Nikampunga. Akarudi. Nikampunga tena, akarudi na wenzake, na ndipo nilipogundua kwamba kila nikigeuza jicho wanageuka nalo. Kesho yake nikaanza kuona cheche pembeni, zile za mtu anayechomelea geti. Kufikia jioni kivuli kilikuwa kimeingia kutoka upande wa pua, kimesimama hapo kama pazia ambalo mtu amelivuta nusu.

Safari hii sikumuuliza mama wa duka la dawa. Nilimpigia Nafula, akatoka kazini kwake Naivasha, na asubuhi iliyofuata tulikuwa watu wa kwanza kwenye foleni.

Daktari ni msichana wa rika la Nafula. Ungemwona ungedhani amekuja kumsalimia. Lakini alipoweka ile taa yake jichoni mwangu alisogea karibu kama fundi aliyeona nyufa. Akanieleza kwamba katikati ya jicho kuna ute mzito, mweupe wa kupitisha mwanga, mfano wa ule wa yai bichi. Ukizeeka unanywea, na wangu ulipokuwa unanywea ulivuta retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma inayopokea picha, ukaichana. Maji yakapenya nyuma yake na sasa retina inabanduka.

"Kama plasta, maji yakiingia nyuma ya ukuta?" nikamuuliza.

Akacheka. "Hapo hapo, mathe. Nani alikufunza?"

"Nimelala na fundi wa mawe maisha yangu yote."

Nafula alifunika uso kwa mkoba wake.

Daktari akasema atatoa ule ute wote, ailaze retina mahali pake, aichome kingo kwa leza ili ishike, halafu ajaze jicho gesi. Gesi hiyo ingeisukuma retina ikae ikiwa imebanwa mpaka ishikane, kisha mwili ungeimaliza polepole wenyewe na jicho lingejitengenezea maji yake. Nikamuuliza kama nitaona. Hakunidanganya. "Siwezi kukuahidi. Lakini katikati bado haijabanduka, na umekuja mapema. Ungekaa nayo mwezi, ningekuwa naongea maneno mengine." Niliangalia uso wake kwa hilo jicho lenyewe tulilokuwa tunaliongelea, nikaona hatetemeki. Nikamwambia afanye kazi.

Watu wananiuliza kama niliogopa. Niliogopa kidogo, kwa sababu hawakupi dawa ya usingizi. Wanalitia ganzi jicho, wanakufunika uso wote, wanakuachia hilo tu wazi, na wewe unasikia kila kitu. Mashine inanguruma kwa sauti ndogo. Mwanga unakuwa mwingi, na ndani ya mwanga kuna vivuli vya vijiti vinatembea taratibu, na unajua vijiti hivyo viko ndani yako. "Mathe, usisonge," daktari alisema. "Ukitaka kukohoa sema kwanza, tutakungoja." Sikukohoa. Niliamua kwenda Mai Mahiu kwa mawazo.

Nilienda kwenye hoteli ya mama yangu, unaikumbuka, ile ya mabati iliyotazama malori. Wewe ulikuwa umeletwa kujenga tangi la maji nyuma, kijana mwembamba Mluhya mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Ulikuwa unalaza jiwe, unaweka pima maji juu yake, kisha unalikodolea macho lile povu dogo linalotembea ndani ya kioo mpaka chai yako inapoa. Siku ya tatu ya kupasha chai moto nilishindwa, nikakuuliza unaangalia nini muda wote huo. Ukasema, "Nangoja liamue." Mama alikusikia kutoka jikoni. Usiku aliniambia kwamba mwanaume anayeweza kuwa na subira na povu, ama atakuwa na subira na mimi, ama ana wazimu. Hakukosea popote, ulikuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo utacheka nikikuambia walichonipa. Walinipa povu. Gesi ikikaa ndani ya jicho inakuwa hivyo hasa: kuna mstari, chini yake kumefifia, juu yake kuna mwanga, na ukitikisa kichwa mstari unatikisika na kulala tena. Nimekaa na pima maji kichwani, Baba Nafula. Nilitamani sana ungekuwepo unikodolee.

Lakini kabla ya kufika hapo kulikuwa na kuinama. Ili gesi ikae nyuma na kuibana retina, lazima uso uangalie chini, mchana na usiku, wiki nzima. Unakula umeinama, unaomba umeinama, unalala kifudifudi na paji la uso juu ya taulo iliyokunjwa. Sikuona uso wa mtu. Nilijifunza majirani kwa viatu. Yule wa nyumba ya pili, ambaye hujigamba kanisani, ana soli inayocheka. Nafula anavua viatu kwa kukanyaga kisigino, nilimkataza hilo tangu yuko nasari na bado anafanya.

Wamama wa kanisa walikuja na mafuta ya upako, na unawajua. Mmoja akanishika kidevu, anataka kuniinua uso niangalie juu nipokee. Nafula akaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi.

"Auntie, acha! Haruhusiwi kuinua kichwa."

"Sasa tutampaka wapi?"

"Mpakeni kisogo. Mungu anaona pande zote."

Wakanipaka kisogo. Mafuta yakateremka shingoni mpaka ndani ya blauzi, na nikasema amina kwa sauti kubwa ili waondoke wakiwa na amani. Wiki ilipoisha nikaruhusiwa kukaa wima. Siku baada ya siku mstari ulianza kushuka, na juu yake pakatokea ukanda mwembamba wa dunia, safi. Kitu cha kwanza nilichoona katika ukanda huo ni utando wa buibui kwenye dari yetu. Nilimgombeza Nafula, naye akakaa chini akalia, akisema hajawahi kufurahia kugombezwa namna hiyo.

Sasa nifike kwenye siku yako.

Tarehe ilipangwa na ukoo wenu hata kabla nzi hawajaja. Daktari naye alikuwa ameniambia wazi, na akanifunga utepe wa kijani mkononi wenye maandishi, kwamba mpaka gesi iishe nisipande ndege wala nisiende mahali pa juu. Huko juu gesi hupanuka, na jicho halina nafasi ya kuiongezea. Nilimwambia dada yako Rispa hivyo hivyo alipokuja kunichukua. Unajua alivyonijibu?

"Juu wapi? Mau Narok si juu. Mau Narok ni nyumbani."

Na mimi, mtu mzima, nikaona ana hoja! Usinicheke. Nimezaliwa Mai Mahiu, chini kabisa ya ukuta wa bonde. Tangu utoto nimepanda kwenda Kinungi kuuza vitunguu, nimepanda kwenda Limuru kuamkua mashangazi. Ukipanda masikio yanaziba, unameza mate, yanazibuka, mambo yamekwisha. Baba yako alipostaafu reli na kununua lile shamba, tulikuwa tunapanda huko kila Krismasi na sufuria magotini. Ni nani kati yetu watu wa huku amewahi kuhesabu barabara ya kwenda kwao kuwa ni mahali pa juu? Mahali pa juu tuliwaachia wale wanaopanda ndege. Nafula angenifunga kwenye kitanda, lakini alikuwa ametangulia kupokea wageni.

Nilivaa ile nguo ya zambarau. Tukaingia Probox, mimi na Rispa nyuma, sufuria ya chapati katikati yetu, kijana wa gari anaendesha polepole kwa heshima ya mgonjwa. Mpaka Njoro nilikuwa sawa. Rispa alikuwa ananihadithia vile ulivyowahi kujificha utotoni kwenye ghala la reli ukikwepa kuchapwa, ukalala, wakakutafuta kijiji kizima. Tukapita Njoro, barabara ikaanza kuinuka, masikio yakaziba, nikameza mate. Masikio yakazibuka. Jicho halikuzibuka.

Lilianza kama mtu anayelisukuma kutoka ndani kwa kidole gumba. Nikavumilia, nikidhani litapita. Halafu nikaona ule mstari, ambao wiki nzima ulikuwa unashuka, umeanza kupanda. Ukanda wangu wa dunia ukawa mwembamba. Maumivu yakaingia mpaka kwenye jino. Kisha mwanga wenyewe ukaanza kufifia kutoka pembeni, asubuhi ile ikawa kama magharibi, na nikajua kitu ninachokijua vizuri, kwa sababu nilishakijua upande wa kushoto.

"Geuza gari," nikasema.

Rispa akadhani nimesahau kitu. "Umesahau nini? Tutakupatia huko."

"Jicho linazima. Geuza gari."

"Wifi, tafadhali. Jikaze kidogo tu, tumebakisha kidogo. Watu wamejaa! Mke wa marehemu akose kumbukumbu ya mumewe? Watasema nini?"

"Waseme."

"Na yeye? Yeye utamwambia nini?"

Hapo alinipata. Kijana wa gari alikuwa amesimamisha kando ya barabara, anatutazama kwenye kioo, haelewi amsikilize nani. Nitakuambia ukweli wote. Niliumia. Niliumia kuliko jicho lilivyokuwa linauma, kwa sababu nilitaka kukaa mbele kwenye kile kiti, nisikie wakikusifu uongo na ukweli, niimbe, nilie vizuri mbele ya watu kama mjane anavyostahili. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo. Lakini nilikuona pia, waziwazi, wewe uliyekuwa unabomoa ukuta ulioujenga mwenyewe, mchana kweupe, kwa sababu ya kona moja iliyopinda, na nilijua ungesema nini. Kaburi lako litakuwepo kesho. Jicho langu lilikuwa na dakika chache tu za kuamuliwa.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema. "Kijana, geuza, tushuke."

Rispa alishuka yeye. Alichukua sufuria yake ya chapati, akafunga mlango wa gari kwa nguvu ya ukoo wenu wote, akasimamisha pikapu iliyokuwa inapanda tupu kwenda kubeba kabichi. Hakuniaga. Sikumlaumu, ulikuwa kaka yake.

Tukateremka. Nilimpigia daktari, nikamwambia niko njiani kutoka juu ya Njoro. Akapiga kelele, yeye ambaye hajawahi kuinua sauti, "Mathe! Ulikuwa unaenda wapi? Ambia dere asisimame popote!" Kadiri tulivyoshuka ndivyo kile kidole kilivyolegea, na tulipofika barabara kuu ya Nakuru nilikuwa naona tena vidole vyangu kwa mbali. Walinipima presha ya jicho, wakaniwekea dawa za matone, wakanipima tena, wakaniambia nikae kwenye benchi, kichwa chini. Daktari akaniambia kwamba ningefika kule, jicho lingekaza mpaka damu ishindwe kuingia, na gesi aliyoiweka kuniokoa ndiyo ingenizima.

Halafu akaniuliza ni kitu gani cha muhimu namna hiyo kilichokuwa kinanipeleka. Nikamwambia leo ni kumbukumbu ya mume wangu. Nikaona raba zake nyeupe zikija, zikageuka, akaketi kando yangu kwenye benchi, foleni ikiwa ndefu vile. Akaniuliza jina lako. Nikamtajia yote matatu. Ndipo nikalia, na machozi yakadondoka moja kwa moja sakafuni bila kupita shavuni, kwa vile nilikuwa nimeinama.

Huko juu walisema, kama Rispa alivyotabiri. Wapo waliosema nimepata mzee mwingine Nakuru. Hapo dada yako, pamoja na hasira zake zote, alinyakua maikrofoni kutoka kwa pasta na kuwatangazia kwamba wifi yake yuko hospitali kwa sababu jicho lake limejazwa gesi na likipanda mlima litalipuka. Nafula anasema watu walishtuka wakasahau umbea. Tangu siku hiyo Mau Narok nzima inaamini nina gesi ya kupikia kichwani, na kuna mzee ametuma ujumbe kwamba nisikae karibu na jiko.

Wiki mbili baadaye Rispa akaja Free Area na kuku mikononi. Akasimama mlangoni.

"Unaona?"

"Naona."

"Unaona nini?"

"Naona umenuna."

Akajaribu kuendelea kununa, akashindwa. Tukamchinja kuku. Wakati wa kula aliniambia kitu ambacho sitakisahau, kwamba aliponiacha kwenye gari alilia njia nzima ndani ya ile pikapu, na dereva wa kabichi akamnyamazisha kwa chapati zake mwenyewe.

Povu liliendelea kupungua. Likawa saizi ya sarafu, likawa shanga, shanga ikawa inakimbiakimbia chini nikitembea, na asubuhi moja nikiwa nasukutua mdomo nikagundua halipo. Daktari aliangalia, akapima, akachukua makasi akaukata ule utepe wa kijani. Retina imeshika. Nilisoma herufi za ukutani mstari baada ya mstari mpaka akaniambia inatosha. Si jicho la msichana, mistari iliyonyooka bado inapinda kidogo, na miwani nimeandikiwa. Lakini nimerudi kwenye mashine yangu. Naona kila tundu, na sweta ikiacha uzi mmoja naujua kabla haujafumuka. Nakaa peke yangu kwenye nyumba uliyonijengea, najipikia, navuka barabara mwenyewe. Hilo ndilo nililoligeuzia gari, Baba Nafula, na kama ingekuwa leo ningeligeuza tena.

Jumamosi iliyopita nikapanda. Rispa alinisindikiza, gari lile lile, kijana yule yule, akiniuliza kila kona, "Mathe, jicho liko poa?" Masikio yaliziba, nikameza mate, jicho likakaa kimya. Ukungu ulikuwa umeondoka shambani. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi lako, nikakueleza kwa mdomo haya ninayoyaandika, na nilipomaliza nikavaa miwani nikakutazama vizuri, kwenye ile picha waliyoibandika hapo kichwani pako.

Ni ile tuliyopiga kanisani, siku ya ubatizo wa Nafula, tukiwa tumesimama wawili. Fundi wa picha amenikata. Kaburi ni la mtu mmoja, sina neno, amekuacha peke yako na suti yako ya kuazima, umekaza uso kama kawaida. Lakini begani mwako, pale kitambaa kinapokutana na ukingo wa picha, nikaona kitu. Nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Ni vidole vinne, na kwenye kimoja kuna pete.

Nikamwita Rispa. Akainama, akafuta kioo kwa leso, akainama tena. "Woi! Yaani watu wote wale, na pasta, na wa kamera, hakuna aliyeona?" Akaniomba radhi, akasema Jumatatu atamrudishia fundi aifute begani iwe safi.

Nikamwambia akithubutu kuigusa tutakosana kabisa. Huo ni mkono wangu, na uko mahali pake.

Lala vizuri.

Mkeo, ambaye bado anakuona,
Mama Nafula